Mluzi wa Nyuma ya Nyumba

Jumanne, 3 Oktoba

Pimbi wamekula matembele. Sisemi wamedokoa, wamefyeka tuta zima mpaka kwenye mashina, na walipomaliza wakapanda lile jiwe kubwa nyuma ya ukuta wetu, wakajipanga juani na kunitazama kama wazee wa baraza wanaomsubiri mshitakiwa. Nimewarushia kokoto. Mmoja hakujisumbua hata kugeuza shingo.

Majirani hapa Kiseke wananiona mtu mzima asiye na kazi, na ni kweli sina. Nimestaafu ukarani wa mahakama, kazi yangu sasa ni kuandika hapa na kugombana na wanyama. Lakini lile si tuta la mboga tu. Alilipanda binti yetu Kokulinda mwezi wa pili, alipokuwa akikaa hapa kwetu kwa ajili ya kazi yake, matembele huku na miche miwili ya waridi kule mwisho, na mwezi wa nne akafariki. Kaburi lake liko Nansio, ng'ambo ya ziwa, kwa wakwe zake, kama desturi inavyotaka. Sisi huku tumebaki na tuta, na mtoto wake Winnie, wa darasa la pili.

Na Winnie mwenyewe tumeazimwa. Baba yake, Yakobo, ni mwalimu huko Nansio, na anamsikiliza sana mama yake, Bibi Tereza. Baada ya msiba walikubali mtoto akae kwetu mpaka shule zifungwe Desemba, kisha wazazi wa pande mbili tukae tuamue. Mimi nataka abaki. Sijui kama kuna kitu kingine ninachokitaka hapa duniani.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimemwaga pilipili. Pimbi wamekula na pilipili. Mke wangu Odeta, Msukuma wa Magu, anasema kwao pimbi ni kitoweo na mimi ndiye ninayewadekeza. "Nyie Wahaya mnaweza kukimbizana na senene usiku kucha," akasema, "pimbi mzima amekaa hapo mnene anawashinda." Winnie alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimeshinda madukani Mabatini. Kuna kijana anaitwa Ngosha, duka lake limejaa taa za sola, chaja na redio, na juu ya kabati ana mashine za kufukuza wanyama kwa sauti. Ana aina tatu. Ya kwanza inachomekwa ukutani, ya panya wa ndani. Hiyo nikaiweka pembeni, kwa sababu nje mvua ikiinyeshea itatuua sisi kabla ya pimbi. Ya pili inamulika taa tu, na pimbi wangu hutoka mchana kweupe. Ya tatu ina kijiti cha kuchomeka ardhini, ina sola yake kichwani na jicho dogo jeusi linaloona kitu kikipita, ndipo inapiga. Nyuma ina kitu cha kuzungusha, unachagua sauti kulingana na mnyama.

"Inapiga sauti gani?" nikauliza.

"Sauti ya juu mno, mzee. Mnyama anaumia kichwa, anahama. Sikio la mtu haliipati."

"La mtu yeyote?"

"Mzee wangu, hii imewaka hapa dukani tangu asubuhi. We umesikia kitu?"

Sikuwa nimesikia kitu. Nikaona huo ni ushahidi wa kutosha, nikaichukua.

Jumapili, 8 Oktoba

Baada ya misa nimeichomeka kati ya tuta na dirisha la chumba cha Winnie, uso wake ukielekea lile jiwe. Winnie alisimama kunitazama, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Hiyo inafanyaje, Babu?"

"Inapiga kelele za pimbi peke yao. Binadamu hasikii."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Akaridhika, akaenda kucheza. Kidogo nikajiona fundi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Hakuna pimbi. Jiwe tupu. Matembele yanachipua.

Jumatatu, 16 Oktoba

Leo jioni tunakula, Winnie akaweka kijiko chini akasema, "Bibi, kuna mtu anapiga mluzi kule nyuma."

Odeta akaniangalia. Nikajua anachowaza, kwa sababu na mimi kilinijia hichohicho. Kokulinda alikuwa na tabia moja iliyonishinda kuirekebisha. Alipiga mluzi. Tangu msichana nilimgombeza kwamba mwanamke hapigi mluzi, ni tabia ya wachunga ng'ombe, akacheka tu. Alipokuwa mkubwa, akitoka kazini zahanati, alipiga mluzi mmoja getini, mwembamba na mrefu, na Winnie popote alipokuwa alitupa alichoshika akakimbia.

"Mluzi gani, mjukuu wangu?" Odeta akauliza taratibu.

"Mwembamba. Nikienda kwenye maua ya mama ndiyo unaanza. Nikitoka unaacha."

Nikasema ni ndege. Odeta akamvuta mtoto karibu, akamwambia maneno ambayo hata mimi niliambiwa na bibi yangu kule Kamachumu: ukiitwa jioni na humwoni anayekuita, usiitike. Anyamaze, aingie ndani. Winnie akaahidi.

Baadaye nilitoka peke yangu nikasimama kwenye tuta. Palikuwa kimya kabisa.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli, yenye upepo. Asubuhi nimewakuta pimbi wawili ndani ya matembele. Nimempigia Ngosha simu. Anasema wameizoea sauti hiyo, nizungushe kushoto niishushe, na jicho niliongezee ukali ili lione hata kitu kidogo. Nimefanya hivyo. Adui ni adui.

Jumatano, 25 Oktoba

Pimbi hawapo tena. Winnie hataki kwenda nyuma. Nilimtuma mabua ya kuwashia jiko akaenda mbio, kaziba masikio kwa viganja, karudi bila mabua. Nikamkaripia. Nimejuta, lakini nilimkaripia.

Jumanne, 31 Oktoba

Mvua. Upepo unayumbisha migomba ya jirani kutwa nzima.

Mwalimu wa Winnie ametuita. Mtoto anasinzia darasani. Nyumbani halali, anasema mama anaita. Zamani alisema "mtu", sasa anasema "mama", na sijui nani kampa neno hilo. Au najua. Hakuna aliyelitamka mbele yake, lakini nyumba nzima tumelivaa usoni.

Ijumaa, 3 Novemba

Tumempeleka kwa daktari wa masikio. Daktari akamvalisha vile vya kusikilizia, akampima, akatabasamu. "Masikio ya mtoto huyu ni mazima kuliko yangu na yako, mzee. Anasikia mpaka vitu ambavyo sisi hatuvisikii."

Nikamwambia basi tumekuja bure. Maneno yake niliyaona ya kutufurahisha tu, nikatoka.

Jumanne, 7 Novemba

Nimekaa na Winnie peke yetu barazani nimhoji vizuri, kama shahidi. Nilitaka nimkamate mahali anapojichanganya.

"Mluzi unasikika wapi?"

"Kwenye jiwe. Halafu kwenye ukuta. Halafu kila mahali."

"Unaanza saa ngapi?"

"Nikipita. Mama ananiona, Babu. Nikitembea anaita, nikisimama kimya ananyamaza. Upepo ukija anaita tu bila kuacha."

Nilikaa miaka mingi mahakamani nikiandika maneno ya waongo, na mwongo namjua. Huyu hakuwa mwongo. Ningeshukuru angekuwa mwongo. Nilimwambia aende akanawe miguu.

Jumamosi, 11 Novemba

Nitaandika yote ingawa sijisikii kuandika.

Odeta aliwaomba wanajumuiya waje kusali kwetu. Jirani yetu Adventina ndiye mwenyekiti, mama wa watu, mpole, Mhaya mwenzangu, hana neno baya kinywani. Walikuja baada ya saa tisa, kama watu ishirini. Sebule ikawa ndogo, na mvua ilikuwa imekatika, kwa hiyo Adventina akasema twende huko huko nyuma anakosumbuliwa mtoto, tuzunguke na rozari na maji ya baraka.

Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari. Mimi ni mtu wa kanisa lakini si mtu wa vishindo. Odeta alikuwa mbele amemshika Winnie mkono. Tulipofika kwenye kona ya nyumba mtoto akagoma. Odeta akambeba, mtoto wa darasa la pili, miguu ikining'inia.

Watu wakaingia uani, wakaanza kulizunguka tuta wakiimba. Hapo ndipo Winnie alipopiga ukelele. Sijawahi kusikia ukelele wa namna ile kwa mtoto. Alijikunja kwenye bega la bibi yake akalia, "Anaita! Anaita sana! Bibi, anaita sana!" Watu walipozidi kusogea na kuinua mikono ndivyo alivyozidi kulia. Wakasimama kwa mshituko, naye akatulia kidogo. Adventina akasema tusiogope, tuendelee, adui anaona njia yake inafungwa. Wakaendelea. Mtoto akaanza tena.

Watu ishirini, na kila mmoja akaona kwa macho yake kwamba sala ikiwaka mtoto analia na sala ikipoa mtoto ananyamaza. Nani angebisha? Nilijaribu kubisha moyoni nikakosa pa kushika. Mama mmoja alikuwa akilia waziwazi. Mwingine akanong'ona kwamba Koku alikufa bila kumuaga mtoto wake, ndiyo maana.

Na mimi nilifanya nini? Nilitazama nisije nikakanyaga matembele. Nakumbuka nilimshika bega kijana mmoja nikamwambia asogee, asiliangushe lile dude la pimbi.

Wameondoka magharibi. Winnie amelala chumbani kwetu, uso umemvimba. Odeta amekaa kitandani kando yake, hanitazami. Nikamuuliza unaamini? Akasema, "Baba Koku, mimi nataka tu aache kulia."

Jumanne, 14 Novemba

Senene wameanguka jana, taa ya getini ilijaa. Odeta aliwakaanga kwa ajili yangu ingawa yeye hawali. Winnie alimsaidia kuwachambua mbawa, akala watatu. Chumba chetu kiko upande wa barabarani, na anapolala huko halalamiki.

Nikasema moyoni, kumbe haya yanaweza kupita.

Jumapili, 19 Novemba

Hayajapita. Redio inasema mvua za mwaka huu zitazidi. Anakonda.

Jumamosi, 25 Novemba

Habari zina miguu. Bibi Tereza amevuka na meli kutoka Nansio, na Yakobo nyuma yake kabeba kapu la ndizi na samaki wakavu. Tumeamkiana vizuri. Yakobo aliniambia "Shikamoo baba" akainama kuliko kawaida, nikajua wamekuja na neno.

Bibi Tereza si mwanamke wa kelele. Alikunywa chai yake yote, akafuta mdomo, akasema, "Mkwe, tumesikia. Mimi sitaki kugombana na wewe. Nauliza tu. Anaitwa au haitwi?"

"Anasema anaitwa."

"Na anayemuita amelala wapi?"

Alijua nimeshaelewa.

"Amelala kwangu," akasema. "Namfagilia kaburi kila Jumamosi. Mtoto mmemweka ng'ambo hii ya maji, mama yuko ng'ambo ile. Mama afanyeje? Anaita. Mngempeleka kwake angenyamaza. Msipompeleka, mkwe, atakuja kumchukua mwenyewe. Hilo ndilo naliogopa, si kingine."

Nikasema shule hazijafungwa. Nikasema daktari. Nikasema mtoto ana huzuni na huzuni ina dawa yake. Kila nilichosema kilikuwa chepesi mdomoni mwangu mwenyewe. Yakobo alikuwa amejiinamia. Akasema, "Baba, mimi na Koku tulikuwa tunawasiliana kwa mluzi ule tangu tunachumbiana. Mtoto akiniambia anausikia, mimi nimwambie nini?"

Odeta akasema, "Mchukueni aende." Hakunitazama mimi alipolisema. Aliwaambia wao, kama mtu anayetoa sadaka.

Nami nikakubali. Nimeandika, basi. Nikakubali kwa kichwa.

Jumatano, 6 Desemba

Odeta anafua nguo za mtoto, nazo hazikauki.

Jumamosi, 9 Desemba

Bandarini, mvua ya manyunyu. Winnie alivaa koti jekundu la mama yake, mikono imekunjwa. Alinikumbatia kiunoni akaniuliza, "Babu, mama atajua nimehama?" Nikamwambia atajua. Akaniuliza nani atamwambia. Nikamwambia mimi.

Meli ilipotoka Odeta hakupunga mkono. Alishika kitambaa mdomoni mpaka ilipozunguka mawe ya ziwani.

Jumapili, 10 Desemba

Nyumba haina mtu.

Alhamisi, 14 Desemba

Matembele yamestawi kuliko wakati wowote. Waridi moja limetoa ua. Sina wa kumwonyesha. Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma tangu asubuhi nikilitazama hilo ua, na mvua ikanikuta pale pale, na sikuona sababu ya kuinuka.

Yakobo amepiga simu. Winnie analala vizuri, anakula. Tangu amefika hajausikia mluzi hata mara moja. Odeta alifanya ishara ya msalaba. Mimi niliumia kwamba anaendelea vizuri, na aibu ya kuumia huko sijui niiweke wapi.

Ijumaa, 22 Desemba

Mjukuu wa Adventina amekuja kwa Krismasi kutoka Dodoma, anaitwa Gladness, mkubwa kidogo kuliko Winnie. Leo saa nne alikuja na bibi yake kuniletea ndizi za kuiva. Nilikuwa uani. Walipopita tu kona ya nyumba, yule mtoto akaziba masikio akakunja uso.

"Bibi, mbona kwao kuna filimbi inauma hivi?"

Adventina akacheka. "Filimbi gani tena?"

Mimi sikucheka. Nikamwambia mtoto asimame pale pale, asitembee. Akasimama. "Imeacha," akasema. Nikapunga mkono mbele ya lile jicho jeusi. "Imeanza." Nikateremsha mkono. "Imeacha."

Nikaing'oa ardhini, nikazima swichi ya nyuma, nikapunga mkono. Akatikisa kichwa. Nikamgeuzia mgongo ili asione ninachofanya. Nikawasha, akasema sasa. Nikazima, akasema haipo. Nilirudia na kurudia mpaka Adventina akanishika mkono akasema, "Baba Koku, basi. Baba Koku, umeshaona."

Hakukosea hata mara moja. Mimi nilisikia mvua ikidondoka kutoka paani na kitu kingine sikusikia.

Ndiyo maana Winnie alipopita mluzi ulianza na aliposimama uliacha. Ndiyo maana upepo ukiyumbisha migomba uliita bila kukoma. Na ile Jumamosi ya sala, watu ishirini wakizunguka mbele ya lile jicho, wakiinua mikono! Tulimzungushia mtoto sauti ile mpaka akapiga yowe, na kila alipopiga yowe tukazidi kuzunguka. Na jiwe nyuma linarudisha mwangwi. Na mimi nimemwambia tangu siku ya kwanza, hata wewe husikii. Aliniamini. Mtoto alisikia kwa masikio yake akaniamini mimi, akatafuta mluzi ule ni wa nani.

Adventina alikaa chini kwenye majani mabichi na khanga yake nzuri. Alikuwa analia kimya. Akasema, "Mimi ndiye niliyesema tuendelee."

Jumamosi, 23 Desemba

Nimemwambia Odeta. Alikuwa anapepeta mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini.

"Nilimwambia asiitike," akasema.

Nikasubiri aseme lingine, anilaumu, anitukane kwa Kisukuma kama anavyojua. Akaokota tu ungo akaendelea kupepeta, na mchele ulikuwa umeshatakata.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Watu husema majuto ni mjukuu. Kwetu mjukuu ameondoka, majuto yamebaki yanakula na sisi mezani.

Jumatano, 3 Januari

Nimerudi leo kutoka Nansio. Nilikwenda juzi, mashine ndani ya mfuko, kama kielelezo cha kesi. Nilijipanga njia nzima. Nitaeleza, nitawasha, mtoto atathibitisha, nitarudi naye kabla shule hazijafunguliwa. Nilikuwa na hakika kama nilivyokuwa na hakika dukani kwa Ngosha.

Walinipokea vizuri mno. Winnie alikuwa ametumwa dukani. Nikaeleza yote, nikaiweka mashine juu ya kitambaa cha meza. Yakobo aliishika akaigeuza geuza, akaziba uso kwa mikono. Bibi Tereza hakuigusa.

"Mkwe, sikatai," akasema. "Mashine inaweza kupiga kelele. Lakini huko kwako mtoto alikuwa halali. Hapa analala. Nikuulize wewe uliyefanya kazi mahakamani, unataka ushahidi gani tena?"

"Hapa analala kwa sababu mashine haipo!"

"Au kwa sababu mama yake yupo."

Nikamgeukia Yakobo. Akasema polepole, "Baba, ameshaandikishwa shule hapa. Amenenepa. Nikimhamisha tena nitamwambia nini? Likizo atakuja. Naahidi likizo atakuja."

Kwa mara ya kwanza nilikuwa na ukweli wote mkononi na haukunifaa kitu.

Winnie aliporudi alifurahi kuniona, akanishika mkono moja kwa moja kwenda kumsalimia mama. Kaburi liko nyuma ya nyumba, chini kidogo, limefagiliwa vizuri. Tukakaa kwenye nyasi. Kweli amenenepa. Akasema, "Babu, nikwambie kitu? Usimwambie bibi wa huku."

Nikamwambia aseme.

"Huku mama haniiti. Walisema nikija hapa nitakuwa naye karibu. Lakini haniiti. Nakuja kila siku, natembea tembea hapa ili anione. Nafikiri alikasirika. Aliniita sana kule kwenu na mimi sikuitika."

Nilipaswa kutumia mdomo. Naandika hili na kichwa kinaniuma kwa sababu hiyo: nilipaswa kuanza kwa mdomo. Lakini mazoea yana nguvu, na mimi ni mtu wa vielelezo. Nikaitoa mashine mfukoni nikaichomeka kwenye udongo mbele yetu, nikaiwasha, nikapunga mkono.

Winnie akasimama ghafla. Hakuziba masikio safari hii. Uso wake ulifunguka wote, kama alivyokuwa akisimama zamani anaposikia geti. Hakuangalia mashine. Aliligeukia kaburi.

"Abee!" akaitika. "Abee, mama! Abee!"

Akaitika tena kwa nguvu zake zote, mpaka kuku wakakimbia. Nikawa nimeshikilia mkono hewani, siwezi kuuteremsha.

"Winnie," nikamwambia. "Winnie, mjukuu wangu. Ni hii inayolia."

Aliitazama. Ilikuwa inawaka kitaa chake chekundu.

"Hii ya pimbi?"

"Hii ya pimbi."

"Na kule kwenu?"

"Ni hii hii. Babu hakujua. Babu haisikii."

Alikuwa amesimama bado, mikono imetulia pembeni. Nilitamani alie ili nimshike.

"Kwa hiyo hajaniita," akasema. "Hata siku moja."

Akaniambia, "Izime, Babu," nikaizima, akatangulia kwenda nyumbani. Jioni hakutaka kukaa karibu nami. Leo asubuhi alikuja mpaka gatini kwa sababu baba yake alimleta, akaniamkia vizuri, akanitakia safari njema.

Alhamisi, 4 Januari

Kumekucha na jua. Pimbi wamerudi, nimewaona kutoka dirishani, wako ndani ya matembele na mmoja anakula waridi. Sikutoka.

Jana usiku Odeta aliniuliza yote, nami nikamweleza: kwamba hawamtoi, kwamba amenenepa, kwamba nimemwambia ukweli na ameelewa.

"Alisemaje?" akauliza.

Nikamwambia alisema niizime. Kwamba aliitika, sikumwambia.